Mgeni akikwama, bei isemwe mbele yake

Naanza na kosa langu mwenyewe, ili asitokee mtu wa kunikumbusha baadaye kwenye korido za hosteli. Mwezi wa nane mwaka jana nilikula shilingi 40,000 za familia moja ya Kenya ambayo gari lao liliharibika kwenye mlima wa kwenda Mgeta. Sikuingiza mkono mfukoni mwa mtu. Nilifanya jambo ambalo wengi wetu hapa Morogoro tunalifanya, lina jina lake, na tunalitaja tukiwa tunacheka: nilikula cha juu.

Ilikuwa likizo. Wenzangu walikuwa wamekwenda makwao, mimi nimebaki kukusanya data za utafiti wangu wa mwaka wa tatu kuhusu mbuzi wa maziwa wa Nyandira. (Kwa ndugu zetu wa mwaka wa kwanza: mbuzi hao wana damu ya Norway, waliletwa Mgeta miaka ya 1980 na chuo chetu kilihusika. Mkipata nafasi pandeni mkaonje maziwa yake, msisikilize maneno ya watu kuhusu harufu.) Siku hiyo nilishuka kwenye daladala pale Mlali, nikawa nasubiri usafiri wa kupanda. Bumu lilikuwa bado, mfukoni nina buku tatu, na bodaboda wa Mlali alikuwa ameshanitajia bei ambayo sikuweza hata kuijadili.

Ikasimama Noah yenye namba za Kenya. Ndani kulikuwa na baba kwenye usukani, mama pembeni yake, watoto wawili na bibi yao nyuma. Walikuwa wanauliza njia. Mama yule analima kabichi na viazi Kinangop, alikuwa amesikia kwamba huku Uluguru kuna watu wanalima mboga kwenye miteremko ambayo hata mbuzi anaifikiria mara mbili, akataka aione kwa macho yake. Safari yao ilikuwa ya likizo ya watoto: Namanga, Arusha, Korogwe, Chalinze, Morogoro, halafu Mikumi hadi Iringa, kisha kurudi. Nikasema shikamoo. Mama akakaa kidogo kama anayetafuta jibu, akacheka, akasema marahaba. “Panda basi, utuonyeshe barabara.”

Bure. Hapo ndipo pananiuma mpaka leo. Walinipa lifti bure.

Tulikuwa tumeanza kupanda kona za juu ya Mlali, gia namba moja, pole pole, jua la saa saba. Mtoto mmoja akasema, “Mama, kuna harufu.” Mshale wa joto ulikuwa umelala upande wa juu kabisa. Mara moshi mweupe ukatoka mbele na maji yakaanza kuchuruzika chini ya gari. Mpira wa juu wa rejeta ulikuwa umepasuka. Baba mtu akataka kufungua kifuniko cha rejeta pale pale. Nikamzuia, kwa sababu hilo angalau nalijua. Maji yakiwa yanachemka ndani kwa presha, ukifungua yanakurukia usoni. Unazima injini, unasubiri mpaka uweze kushika mpira kwa mkono bila kuuachia, hapo ndipo unagusa kitu.

Tukaweka mawe nyuma ya magurudumu. Pembetatu za kuakisi walikuwa nazo zote mbili, na mtungi wa kuzimia moto pia, maana walishaambiwa kwamba trafiki wa huku huviulizia. Kijana mmoja aliyekuwa anashuka na mzigo wa karoti akakata matawi bila kuombwa, akayapanga kwenye kona ya chini ili magari yanayopanda yajue kuna kitu mbele. Nimtaje kijana huyo ingawa silijui jina lake, kwa sababu ndiye mtu pekee kwenye kona ile aliyetoa msaada na kuondoka. Tulipomaliza nilirudi kuyaondoa matawi na yale mawe. Hili nalo liwaingie: mtu anatengenezewa gari, anaondoka, anaacha mawe matatu katikati ya lami, na usiku bodaboda anayavaa.

Mtandao haukuwepo. Nikapanda mpaka kona ya juu, peke yangu, nikapata alama mbili za simu. Nina namba za mafundi wawili. Wa kwanza ni mzee mmoja mwenye gereji ndogo barabara ya Iringa, anayeijua injini kama mwalimu wa hesabu anavyolijua jedwali. Ila mzee huyo ana tatizo moja kwa watu kama mimi: bei anamtajia mwenye gari usoni, na hataki kusikia habari ya kuongeza ya mtu. Wa pili ni kijana wa rika langu.

Nikampigia wa pili.

“Mpira wa rejeta, kupanda Mgeta,” nikamwambia. Akasema kazi hiyo pamoja na bodaboda ni 40,000. Halafu akauliza, “Wa wapi hao?” Nikasema Wakenya. Akanyamaza kidogo. “Sema laki na ishirini. Hiyo themanini ya juu pasu kwa pasu.” Sikubishana. Nilifanya hesabu ya chakula cha wiki mbili, nikasema poa.

Alichukua saa mbili kufika. Katika saa mbili hizo, mama yule aliniuliza maswali kama mwanafunzi wa kilimo. Aliuliza kuhusu ngazi za ardhi zilizokatwa kwenye mteremko mbele yetu, nikamweleza kwamba matuta katika milima hii yana historia yenye machungu, kwamba serikali ya mkoloni iliwalazimisha Waluguru kuyachimba, na mwaka 1955 upande wa Matombo watu wakakataa hadi ikawa vurugu. Aliuliza kwa nini kila aliyemsimamisha kuongea naye kuhusu shamba alimtaja mama au mjomba, nikamweleza kwamba kwa Waluguru ukoo na ardhi vinafuata upande wa mama. Hilo lilimfurahisha sana, akamwangalia mumewe kwa jicho fulani. Aliuliza Sokoine alikuwa nani hata akapewa chuo. Nikamwambia ni Waziri Mkuu aliyefariki kwa ajali ya gari pale Dakawa, mkoani humu humu, tarehe 12 Aprili 1984, na chuo kikaanzishwa mwaka ule ule kwa jina lake. Bibi mtu alikuwa kimya nyuma, akasema neno moja kwa Kikikuyu. Sikuomba nitafsiriwe.

Kila swali nililijibu kwa ukweli. Likabaki moja.

Fundi alifika, akakata ile sehemu iliyopasuka mwishoni mwa mpira, akaurudisha, akakaza klipu, akajaza maji ya kijito. Dakika 20. Akataja laki na ishirini bila kupepesa. Mama akanigeukia mimi, si mumewe, mimi: “Kijana, hiyo ni bei ya haki?”

Nikasema, “Ndiyo mama. Huku milimani ndivyo ilivyo.”

Akalipa. Akanishukuru. Nyandira akaninunulia chai na maandazi.

Kama mambo yangeishia hapo nisingeandika. Ningekuwa nasimulia kijiweni kama wengine. Siku ya tatu yake, saa tatu usiku, simu ikaita kutoka Mikumi mjini. Alikuwa yule mama. Walitoka Morogoro jioni kwa kuchelewa, wakaingia hifadhini jua likizama. Barabara kuu ya Iringa inapita katikati ya hifadhi kwa takriban kilomita 50, na ni marufuku kushuka kwenye gari. Wakaona tembo kando ya barabara, wakapunguza mwendo ili watoto waone. Mshale wa joto ukapanda tena. Safari hii injini ilizima yenyewe na haikuwaka. Giza linaingia, watoto wawili na bibi kizee ndani, tembo hatua chache kutoka mlangoni, na magari yanapita.

Aliyewasaidia ni dereva wa lori la Zambia. Alisimamisha lori nyuma yao akawasha taa zote za dharura ili wasigongwe, akawafunga kamba, akawavuta pole pole mpaka Mikumi mjini. Alikataa pesa. Bibi akampa mfuko wa njegere waliounua Nyandira.

Mama hakunipigia kulaumu. Alikuwa na swali: “Kijana, yule fundi wenu alisema nini kuhusu feni?”

Fundi wa Mikumi alikuwa amegundua kwamba feni ya rejeta haizunguki kabisa, waya wake ulikatika. Ukiwa kasi barabarani upepo unapooza rejeta na hutajua. Ukiwa mlimani kwa gia ya kwanza, au ukitambaa ili kutazama tembo, feni ndiyo kila kitu. Mpira wa kule Mlali ulipasuka kwa sababu maji yalichemka, na maji yalichemka kwa sababu feni ilikuwa imekufa. Mzee wa barabara ya Iringa asingekubali kukaza klipu kabla ya kuuliza kwa nini umepasuka. Namjua. Angewasha injini, angesimama pale na mikono nyuma akisubiri feni izunguke. Kijana wangu hakuuliza, na sina hakika kwamba hajui. Alikuwa na haraka ya kurudi, na alijua kwamba aliyemwita hakumwita kwa ufundi wake.

Gasketi ya silinda hedi iliungua. Walilala Mikumi siku nne wakisubiri spea. Iringa wakaifuta, maana kibali cha gari lao kilikuwa na siku zake na pesa zilikuwa zimekwisha.

Ndiyo maana nasema tatizo la cha juu si zile shilingi tu. Nilipomwambia mshikaji wangu wa chumbani haya, alinijibu kwa hoja ambayo nadhani nusu ya wasomaji wa jarida hili wanayo kichwani sasa hivi. Alisema: huo ni udalali, na udalali ni kazi. Dalali wa nyumba anakula, dalali wa mahindi anakula, wewe ulitembea juani kutafuta mtandao, ulitumia salio lako na mafundi ni wako. Na tena hao wana gari, wana likizo. Sisi tunakula ugali maharage.

Sehemu ya hoja hiyo naikubali. Kumtafutia mtu fundi kwenye mlima usio na mtandao ni kazi. Ningemwambia yule mama, “Nitakutafutia fundi, naomba elfu kumi ya usumbufu,” angenipa. Pengine angenipa zaidi. Dalali wa nyumba, kwa ubaya wake wote, anakutajia kodi ya mwezi mmoja kabla hujapanda ngazi. Angekataa, ningejua amekataa. Lakini pesa iliyofichwa ndani ya bei ya mtu mwingine inafanya kitu ambacho pesa iliyotajwa haifanyi: inachagua fundi. Sikumpigia mwenye ufundi, nilimpigia mwenye mgao. Na hiyo ya kwamba wana pesa, sisi tuliijuaje? Noah ile ilikuwa kuukuu kuliko daladala niliyoshukia Mlali.

Nataka niseme jambo zito kidogo, na nalisema kwa tahadhari. Watu wa Morogoro tunajua ni nini gari la mtu mwingine kugeuka kuwa nafasi yetu. Tarehe 10 Agosti 2019, Jumamosi asubuhi, lori la mafuta lilipinduka Msamvu, watu wakaja na madumu, likalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100, na wengi wamelala makaburi ya Kola. Siwalaumu marehemu, shida ilikuwepo, na mafuta yalikuwa yanamwagika tu chini. Wala sifananishi mpira wa rejeta na msiba ule. Ila tangu nirudi kutoka Mgeta, kila nikiona gari limesimama na kofia iko juu, najikagua: macho yangu yanaangalia nini kwanza, watu waliomo au namba ya gari?

Tugeuze upande. Wengi wetu tutakuwa wageni siku moja. Kuna wanaokwenda mafunzo kwa vitendo Kenya, kuna wanaosindikiza mizigo Malawi na Zambia, kuna waliokodi Coaster mwaka jana kwenda kutembea Mombasa. Kwa hiyo haya niliyojifunza kwa kukaa upande mbaya wa simu, yachukueni bure.

Ongea na fundi mwenyewe, hata kama lugha inagoma. Aliyekusaidia kupiga simu mshukuru, mpe chake waziwazi, halafu chukua simu uongee. Bei isemwe wote mkiwa mmesimama pamoja: wewe, fundi na aliyekuletea. Ona watu watakavyoangaliana. Kabla hujauliza “shilingi ngapi” uliza “imekufa kwa nini”. Fundi asiye na jibu la pili usimpe jibu la kwanza. Spea iliyotolewa ibaki kwako, na kama amebadilisha kitu akuonyeshe cha zamani. Usitegemee bima kwa kila kitu. Ile Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania inaitumia ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000, inahusu madhara uliyomsababishia mtu mwingine na matibabu ya waliomo garini. Mpira wa rejeta haumo, na gari la kukuvuta usilihesabu. Muulize wakala wako kabla ya kuvuka mpaka, siyo ukiwa umesimama kwenye kona. Pesa kidogo ya nchi ile iwe mkononi kwa noti, maana M-Pesa inavuka mpaka wa Kenya na Tanzania lakini haivuki mahali pasipo na mtandao. Na ukienda Rwanda, Burundi au Kongo, kumbuka wanaendesha upande wa kulia: gari likizima linavutwa pembeni upande huo, na abiria wanashukia huko. Ukiwa ndani ya hifadhi, hakuna anayeshuka. Mnafunga vioo, mnawasha taa za dharura, mnangoja.

Kwa serikali yetu ya wanafunzi nina ombi dogo ambalo halihitaji bajeti ya kugombaniwa. Tuna wenzetu wengi wanaopandisha wageni Morningside, Bunduki na Mgeta siku za mapumziko. Wakutane mara moja, wakubaliane ada ya kumtafutia mgeni fundi, iandikwe, itajwe kwa mgeni kabla simu haijapigwa. Kisha yatafutwe majina ya mafundi watatu au wanne ambao watu wenye magari hapa chuoni wanawaamini, wahadhiri waulizwe, madereva wa mabasi ya chuo waulizwe, na namba zibandikwe getini. Najua nani atapinga. Nilikuwa mmoja wao mpaka mwezi wa nane. Na najua mzee wa barabara ya Iringa atakubali jina lake liwekwe kwa sharti moja tu, kwamba mwenye gari ndiye atakayempigia.

Bumu lilipotoka nilimtumia yule mama shilingi 40,000 kwa simu. Nilikaa na ule ujumbe muda mrefu, nikaandika maneno mawili: “Ya fundi.” Kesho yake akajibu kwa kuuliza, fundi gani, wa Mlali au wa Mikumi? Na akaongeza kwamba bibi ananisalimia, na njegere walizobaki nazo wamezipanda, zimeota.

Sijamjibu bado. Nimeanza mara tatu. Nimeona kwanza niandike hapa.